Kidole cha Nadine

Tiketi za kukwangua zilifika Kasulu kiangazi cha mwaka 2012, ndani ya boksi la biskuti lililofungwa kwa kamba ya katani. Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, shule nilishaiacha darasa la nne, na nilikuwa nimekaa chini kando ya ungo wa karanga wa dada yangu Nadine, mbele ya duka la Stanislaus karibu na stendi. Nadine alikuwa anauza, mimi nafukuza nzi. Tangu udogo tuligawana hivyo: yeye anaonekana, mimi naangalia.

Stanislaus ni mtu wa Kibondo aliyehamia Kasulu na duka la vocha za simu, sabuni na betri. Alikata ile kamba, akatoa tiketi moja na kuinyanyua juu ili wote tuione. Ilikuwa ya kijani, ina nyota tatu kichwani, ndiyo maana watu wakaziita Nyota Tatu. Chini ya nyota kulikuwa na vidirisha vitatu vya rangi ya fedha. Ukikwangua, picha zinatokea. Kuku watatu, unapewa hela ya soda na chenji. Baiskeli tatu, baiskeli ni yako. Pikipiki tatu, unaondoka na pikipiki. Picha zikichanganyika, mia tano yako imekwenda. Salumu wa duka la vitenge, jirani yetu, aliletewa habari hiyo na yeye akakataa palepale. Alisema kamari hauzi, hata mkiipaka kijani.

Sasa, chini kabisa ya tiketi kulikuwa na mstari mwingine wa rangi ya fedha, mwembamba, na maandishi madogo: usikwangue hapa. Chini yake ilikuwa namba ya siri ambayo watu wa Dar es Salaam waliitumia kuitambua tiketi. Ukiugusa mstari ule, tiketi imekufa, hata kama umepata pikipiki tatu.

Lakini sisi mikono yetu ilifundishwa na vocha. Vocha unaikwangua mpaka mwisho, huachi hata chembe, maana umeilipia. Kwa hiyo wiki za mwanzo watu walikwangua kila kilichong'aa. Ildefonsi, fundi uashi, alikwangua yote halafu akakaa kwenye ngazi za duka akiingiza namba zile kwenye simu yake, akilalamika kwamba mtandao unamkatalia. Huyo tulimcheka. Ila mama mmoja wa Murungu alipata baiskeli akaiua kwa kidole chake mwenyewe, na hapo hakuna aliyecheka. Walimjia juu Stanislaus, wakamwita mwizi.

Ndipo akatoa amri kwamba hakuna mtu kujikwangulia. Kukwangua ni mezani kwake tu, na ni mtu mmoja. Akatazama nje, akamwona Nadine anamenya karanga, kila moja inatoka nzima na ngozi yake nyekundu haijachubuka. Akamwita. Mimi nilikuwa namenya pia, pale pale, ila zangu zilikuwa zinapasuka vipande viwili.

Nadine alikuwa na miaka kumi na tisa. Si mzuri wa sura kupita kiasi, nasema kweli wala si kwa wivu. Ana paji pana la babu yetu, yule aliyevuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili akiwa na mbuzi mmoja. Alichokuwa nacho ni utulivu. Mtu akimpa tiketi, anamuuliza jina. Analitamka polepole kama anaonja mboga. Halafu anaweka tiketi juu ya ubao, anakwangua kidirisha cha kushoto, anakwangua cha kulia, anaacha cha katikati, anamtazama mwenye tiketi. Watu wazima walikuwa wanashika midomo. Mimi nilijua anafanya hivyo kwa sababu macho yake hayaoni vizuri karibu na anahitaji kupumzika. Lakini nani ananiuliza mimi?

Siku ya tisa akamkwangulia mzee Melkiadi wa Kitanga, aliyekuja mjini kuuza mihogo. Pikipiki, pikipiki. Akamtazama. Pikipiki. Mzee hakujua kuiendesha na mpaka leo hajui, inaendeshwa na mjukuu wake, yeye hukaa nyuma na mwavuli. Lakini toka siku ile alijiona ndiye msemaji wa tiketi zote. Alikuja dukani kila siku ya soko, anakaa kwenye kreti la soda, anawaeleza wageni kwamba mkono wa Nadine ni mwepesi.

Kwetu hilo si neno la mchezo. Mkono wa mtu una uzito wake. Mwenye mkono mwepesi ndiye anaitwa kudondosha mbegu za kwanza shambani, ndiye anaweka tofali la kwanza. Mwenye mkono mzito hata akigusa mbegu zako kwa kukusaidia, maharage yanaozea ardhini, na habari yake husambaa mpaka kwa wakwe ambao bado hawajapatikana. Na mkono mwepesi haulipwi hela, utaharibika. Unapewa chumvi. Kila aliyepata chochote, hata kuku watatu, alimletea Nadine chumvi ya Uvinza iliyofungwa kwenye gazeti. Nyumbani tulikuwa na chumvi ya kutosha harusi kumi, na mboga tuliyokula ilikuwa ni sombe, majani ya muhogo, bila nyama.

Mama akasema Nadine asilime tena, ukucha utavunjika. Asifue, sabuni italainisha ukucha. Asisugue sufuria. Mistari yake ya shamba ikawa yangu, nguo zake zikawa zangu, na sufuria zilikuwa zangu toka zamani. Jioni nilimwona anakaa kwenye mkeka, anaupaka ule ukucha mafuta ya mawese, anaugeuza kwenye mwanga. Nilikuwa natamani ujikate wenyewe. Sikuwahi kusema. Jumapili kanisani wanawake walimshika mkono na kuushikilia. Mimi walinisalimia tu habari ya asubuhi kwa Kiha, "Mwakeye, mdogo wake Nadine." Sidhani kama nusu yao walijua jina langu.

Mvua za kwanza zilipokaribia, walikuja kumchukua akadondoshe mbegu. Mama mmoja alimtuma kijana na baiskeli. Shamba lile nililima mimi, kwa kibarua, siku nne, mpaka viganja vikaota sugu. Nadine akashuka kwenye baiskeli na viatu vyake, akadondosha mbegu saba kwenye mistari yangu, akapigiwa vigelegele, akarudishwa.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuangalia, niliangalia. Nilikuwa na vijiwe kwenye mfuko wa sketi, kimoja kwa kila tiketi. Nikagundua kwamba Nadine alipokwangua mia, zilizopata kitu zilikuwa saba au nane, na siku aliyokwangua Stanislaus mwenyewe zilikuwa vilevile saba au nane. Tofauti ni kwamba zilizokosa hakuna aliyezikumbuka. Nikamwambia mama. Mama alikuwa anapepeta, hakuinua hata kichwa.

"Wewe una macho ya kuhesabu meno ya mwenzio," akasema. "Hesabu na ya kwako."

Mwaka 2014 Stanislaus akatangaza kwamba atafungua meza ya pili kwao Kibondo, sokoni kabisa. Atakayekwenda kukwangua atalala kwa shangazi yake, chumba chenye sakafu ya saruji, na jioni atapelekwa kujifunza cherehani. Atachagua mtu baada ya kuvuna maharage. Alisema "mtu", lakini kila aliyesikia alimgeukia Nadine.

Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka Kibondo. Si kwamba ni mji wa ajabu, ni saa chache tu kwa basi, vumbi lile lile jekundu. Ila Kibondo hakuna aliyemjua dada yangu. Ningeshuka pale na jina langu peke yake. Nilianza kufuga ukucha wa kidole gumba. Nilipolima niliufunga kitambaa, mama akauliza nimeumia nini, nikasema mwiba.

Mwezi wa sita Nadine akashikwa na malaria. Ni yeye mwenyewe aliyemtumia Stanislaus ujumbe kwamba wamweke mdogo wake mezani mpaka apone. Kabla sijatoka aliniita kitandani, anatetemeka mpaka kitanda kinalia, akachukua tiketi ya zamani akanionyesha tena ule mstari wa chini. Alishanionyesha mara nyingi.

"Ukifika hapa inua kidole," akasema. "Hata nyumba inaungua, wewe inua kidole kwanza."

Siku mbili nilikaa mezani bure. Watu walifika, wakauliza Nadine yuko wapi, wakasema watarudi. Wengine walishika tiketi zao wakaondoka nazo kifuani kama mayai. Siku ya tatu ilikuwa ya soko, na Melkiadi alikuwa kwenye kreti lake. Akaja Uwimana, yule mama anayeleta vitenge kutoka kambini Nyarugusu, Mkongomani mwenye sauti nzito. Akanunua moja.

"Yaya yako iko wapi?" akaniuliza, yaani dada yangu.

Nikamwambia anaumwa.

"Basi fanya weye. Kidole ni kidole."

Nilimpenda kwa neno hilo moja kuliko ninavyoweza kueleza. Nikamuuliza jina kama Nadine anavyouliza, ingawa nilikuwa nalijua. Nikakwangua kushoto: pikipiki. Kulia: pikipiki. Nikasimama, nikamtazama, na nikasikia nyuma yake watu wanasogea, mmoja, watatu, kumi, hadi kivuli chao kikafunika meza. Nikakwangua katikati. Pikipiki.

Sijui nieleze vipi kelele ile. Uwimana alijishika kichwa kwa mikono miwili. Stanislaus aliruka meza ya ndani. Na mimi nilikuwa katikati, wote wananitazama mimi, na nilikuwa nasubiri mtu aseme. Akasema Melkiadi.

"Bahati ya Nadine hiyo. Kakalia kiti chake, ikampanda."

Wakaitikia. "Ni kweli, kiti cha Nadine." Mama mmoja akasema hata akiwa mgonjwa mkono wake unafanya kazi. Walikuwa wanacheka kwa furaha, hawakuwa na ubaya wowote, na mimi nikahisi moto unapanda shingoni.

"Ni kidole changu hiki," nikasema. Na ili waone ni kidole gani, nikakipitisha tena juu ya tiketi, kwa nguvu, kutoka juu hadi chini. Nilipaswa kukiinua. Hakikuinuka.

Unga wa fedha ukabaki mezani, kidogo, kama majivu ya sigara. Stanislaus aliichukua tiketi, akaielekeza kwenye mwanga, akaishusha. Akasema imekufa. Uwimana hakulia. Aliuliza tu, mara tatu, kwa sauti ile ile: inakufa namna gani, na pikipiki si hizi hapa, tatu? Stanislaus akanigeukia.

"Dada yako hakukuonyesha?"

Ningeweza kusema mengi. Nikasema, "Hakunionyesha."

Hapo ndipo nilipoanza kusikia neno lile likipita nyuma nyuma, mkono mzito, mkono mzito, kila mtu akimpa mwenzake. Melkiadi alisimama kutoka kwenye kreti. Alisema mtoto huyu asiguse mbegu ya mtu, si Kasulu, si Kitanga, na mwenye kijana wa kuoa asikie mapema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetangaza mnada. Mama aliyekuwa amesimama karibu yangu akavuta kapu lake la maharage, akaliweka upande wa pili.

Mtu alishakimbia kumwita Nadine. Alikuja amejifunga kitenge mpaka kichwani, midomo imekauka, amemshika bega yule aliyemleta. Wakamsimulia yote, wote kwa pamoja, na neno langu wakalitia: anasema hukumwonyesha. Nadine akanitazama. Alinitazama muda mrefu kuliko anavyowatazama wenye tiketi kabla ya kidirisha cha mwisho. Mimi nikatazama ubao.

Halafu akakaa kwenye kiti, akasema na watu.

"Kama mkono unapimwa kwa hilo, wa kwangu ni mzito zaidi. Mwaka ule wa kwanza niliua mbili. Moja ilikuwa ya kuku. Nyingine ilikuwa ya baiskeli, ya Ildefonsi. Nilimwambia hakupata kitu, nikaitia mfukoni, nikaichoma jikoni."

Ildefonsi alikuwepo, ana mwiko wake wa kupigia plasta mkononi na saruji mbichi juu yake. Alichukua muda kuelewa.

"Na mimi nilikuletea chumvi," akasema. "Mwezi ule ule, kwa kuku watatu."

"Ego, ndiyo," akasema Nadine. "Uliniletea."

Saruji ikadondoka kwenye kiatu chake, hakuifuta. Aliondoka. Nyuma yake wakaondoka wengine, wakigeuka kumtazama Nadine kama mtu anayetazama nyumba aliyopanga zamani. Wakati huo hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Mkono wangu walishausahau.

Meza ya Kibondo Stanislaus alimpa mpwa wake, Esteri, binti aliyekuwa haijui tiketi wala mihogo. Nadine alipopona alikata ukucha kwa wembe wa mama, akachukua jembe. Wiki ya kwanza viganja vilimtoka malengelenge, nikamfunga na kitambaa. Hakuna aliyemwita tena kwenye mbegu. Kanisani wanawake walimpa ncha za vidole. Na mimi, mdogo wake, nilialikwa kwenye vibarua kama kawaida, nikagusa mbegu za watu, zikaota. Neno ambalo lilikuwa langu alilibeba yeye.

Ungetegemea wivu wangu uishe hapo. Nilitegemea hivyo pia. Lakini nilipomwona anainama kwenye mstari wa jirani, anapumzika, anainama tena bila kuninung'unikia, wivu ulikuwa mkubwa kuliko wakati wa chumvi. Zamani nilimwonea wivu kwa kitu ambacho nilijua hana, maana bahati hakuwa nayo, nilishahesabu. Sasa nilimwonea wivu kwa kitu alichokuwa nacho kweli. Alifichua uongo wake wa miaka miwili mbele ya soko zima na homa mwilini. Mimi nilikuwa na neno moja, na nililala nalo kila usiku kitanda kimoja na yeye.

Mwaka 2015 maboksi yakaacha kuja. Hakuna aliyetuambia sababu. Stanislaus alipiga ile namba ya nyuma ya tiketi, ikaita mpaka ikakata, mwishowe haikuita kabisa. Meza ya Kibondo ilikunjwa, Esteri akarudi kwao. Tiketi za mwisho zilibaki dukani, watoto wakazikwangua bure, mpaka mstari wa chini.

Mwisho wa mwaka huo Uwimana akaja nyumbani. Tangu siku ile hakuwa amefika. Tulidhani amekuja kwa ugomvi, mama akatoa kiti akabaki amesimama. Lakini alikuja kwa Nadine. Alikuwa amepata kibanda cha vitenge Kibondo, biashara imekuwa kubwa, yeye ni mtu wa kusafiri, anataka mtu wa kukaa nacho. Mama, ambaye hajui kuficha, akamuuliza kwa nini Nadine, baada ya yote yale, na hapa kuna mdogo wake ana nguvu.

"Mutu anayesema mbele ya soko, mimi niliua yako," akajibu Uwimana, "huyo naweza kumwachia sanduku yangu nilale."

Hakunitazama aliposema. Hakuwa na haja.

Nilimbebea Nadine begi mpaka stendi asubuhi. Alivaa sketi yangu, ya kwake ilikuwa imechanika. Basi la Kibondo lilikuwa linapasha injini na kondakta anafunga magodoro juu. Nikaona kwamba nikikaa kimya hapa nitakaa kimya milele, nikamwambia kwamba siku ile nilidanganya, kwamba alinionyesha, mara nyingi alinionyesha.

"Najua alikuonyesha nani," akasema, akatabasamu kidogo. Halafu tabasamu likaondoka. "Siku ile nilipokutazama nilikuwa nakusubiri. Ungesema wewe, mimi nisingesema langu. Lingekaa nami mpaka kaburini."

Akapanda. Dirisha lake lilikuwa upande wa pili, sikumwona basi lilipoondoka.

Kutoka stendi nikaenda moja kwa moja dukani kwa Stanislaus. Alikuwa anapanga sabuni. Melkiadi alikuwa kwenye kreti, hata bila tiketi haachi kuja. Ildefonsi alikuwa ananunua misumari. Sikusalimia. Nikasema Nadine alinionyesha ule mstari, nilijua, nilisema uongo mbele yenu.

Stanislaus akaniangalia, akarudi kwenye sabuni zake. Akasema hayo yalishapita, binti, hata kampuni yenyewe imekufa. Ildefonsi akahesabu misumari yake. Melkiadi peke yake ndiye aliyegeuza shingo, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu anijue.

"Sasa unatuambia ili iweje?" akauliza.

Jibu nilikuwa nalo, ila halikuwa la kusemeka pale: ili mnitazame kama mlivyomtazama yeye.